Utamu na Moshi Bila Mzigo wa Chumvi: Sosi ya Saladi ya Kutayarishwa Nyumbani

Katika kliniki za shinikizo la juu la damu na kisukari, mazungumzo kuhusu chakula aghalabu huwa mafupi. Mtoa huduma huuliza iwapo mgonjwa anaongeza chumvi mezani. Mgonjwa hujibu kwamba ameacha. Huulizwa iwapo anakula mboga; hujibu kwamba siku hizi jioni hula saladi. Majibu yote mawili huwa ya kweli, na yote mawili huandikwa kwenye faili. Hata hivyo vipimo havishuki, na hatua inayofuata huwa ni kuongeza dawa. Swali ambalo halikuulizwa ni dogo: saladi hiyo ilimwagiwa nini?

Katika migahawa mingi ya mijini, saladi huletwa pamoja na sosi nzito yenye rangi ya kahawia au ya machungwa, tamu kwa mbali, yenye harufu ya moshi inayokumbusha nyama choma. Anayeionja hutamani kuwa nayo nyumbani, na wengi hujaribu kuiiga. Tamaa hiyo si kosa. Mboga mbichi zisizo na kiungo huchosha ulimi, na mtu aliyeambiwa ale majani matupu maisha yake yote hawezi kulaumiwa akiyaacha baada ya wiki mbili. Makala haya yanaeleza kilichomo ndani ya sosi hiyo, namna moshi na uchachu vinavyoweza kushika nafasi ya chumvi na sukari, na jinsi ya kuitayarisha nyumbani kwa vitu vinavyopatikana sokoni.

Kilichomo ndani ya bakuli dogo

Harufu ya moshi katika sosi za migahawani hutoka katika vyanzo vichache. Kimoja ni unga wa pilipili zilizokaushwa kwa moshi, kama ule wa eneo la La Vera nchini Hispania, ambako pilipili hukaushwa juu ya moto wa kuni za mwaloni, au pilipili za chipotle kutoka Meksiko. Kingine ni moshi wa kimiminika unaouzwa katika chupa ndogo. Vitu hivi huwa na harufu kali, hivyo kiasi kidogo hutosha. Mzigo mkubwa kwa afya hutokana na vile vinavyochanganywa navyo: mayonezi, tomato sosi, asali au sukari, na chumvi.

Hesabu ya kawaida ya jikoni inatosha kuonyesha jambo hili. Mtu anayeiga sosi hiyo kwa nusu kikombe cha mayonezi, vijiko viwili vya chakula vya tomato sosi, vijiko viwili vya asali na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, hupata vijiko vya chakula kumi na viwili hivi vya sosi. Asali peke yake huleta takriban gramu 34 za sukari, na tomato sosi huongeza gramu 8 hivi. Anayemwagia saladi yake vijiko vinne, kiasi ambacho si kikubwa machoni, hula gramu 14 za sukari, zaidi ya gramu 2 za chumvi na karibu kilokalori 300.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, na sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula chote. Ikipungua hadi asilimia 5, yaani takriban gramu 25, ni bora zaidi. Kwa hiyo, saladi moja ya namna hii hubeba karibu nusu ya chumvi ya siku nzima na zaidi ya nusu ya kiwango hicho bora cha sukari, na mlaji bado hajala wali, ugali wala mchuzi. Yeye mwenyewe hushuhudia kwa moyo mweupe kwamba hakuongeza chumvi mezani.

Wanaonunua sosi ya chupa wana njia ya kujihesabia. Lebo nyingi hutaja sodiamu badala ya chumvi. Kiasi cha sodiamu kikizidishwa kwa mbili na nusu hupatikana kiasi cha chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni sawa na gramu moja ya chumvi. Ni muhimu pia kutazama kiasi cha mlo kilichotajwa, kwani lebo inaweza kuhesabu kijiko kimoja ilhali mlaji anamimina vinne.

Kwa nini moshi husaidia

Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha hutambuliwa na pua. Chakula kinapotafunwa, mvuke wake hupanda kutoka nyuma ya mdomo hadi katika pua, na ubongo huunganisha harufu hiyo na chumvi, utamu, uchachu na uchungu vilivyotambuliwa na ulimi. Ndiyo maana mwenye mafua hulalamika kwamba chakula hakina ladha.

Kuni zinapoungua, lignini iliyomo ndani ya mti huvunjika na kutoa kemikali zenye harufu, zikiwemo gwayakoli na siringoli, ambazo ndizo hasa pua huzitambua kama harufu ya moshi. Vanilini, yenye harufu ya vanila, hutokana pia na lignini hiyo. Mkaa ulioshika moto vizuri hutoa moshi mdogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya lignini ilikwisha kuungua tanuruni. Mboga ikichomwa juu yake, harufu hutoka zaidi katika ganda la mboga yenyewe linapobabuka. Matumizi ya moshi kama kiungo si mageni katika eneo letu. Wafugaji wa Kimaasai hufukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mzeituni mwitu, na maziwa hubeba harufu hiyo.

Uchachu nao hufanya kazi yake. Ndimu, siki na ukwaju huufanya ulimi uione chumvi kidogo kuwa inatosha. Nyanya iliyoiva ina glutameti ya asili, inayoleta ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama. Kitunguu kikichomwa hupoteza ukali wake, na utamu uliokuwa umefichwa na ukali huo hujitokeza. Viungo hivi vikikutana, pengo lililoachwa na chumvi halionekani sana. Aidha, ulimi hujifunza: anayepunguza chumvi kwa wiki kadhaa mfululizo huanza kukiona chakula chake cha zamani kuwa na chumvi kupita kiasi.

Mafuta kidogo hayapaswi kuondolewa. Vitamini A, D, E na K, pamoja na karotini ya karoti na mboga za majani, huhitaji mafuta ili zifyonzwe vizuri katika utumbo. Laikopini ya nyanya hufyonzwa kwa urahisi zaidi nyanya inapopikwa na kuliwa pamoja na mafuta.

Mahitaji

- Nyanya mbili zilizoiva, za ukubwa wa wastani
- Pilipili hoho nyekundu moja
- Kitunguu maji kimoja kidogo
- Punje mbili za kitunguu saumu, zisizomenywa
- Tende mbili ndogo, zilizotolewa kokwa
- Rojo la ukwaju lisilotiwa sukari, vijiko viwili vya chakula
- Mafuta ya alizeti, vijiko vitatu vya chakula
- Bizari nyembamba, nusu kijiko cha chai
- Chumvi, robo kijiko cha chai
- Pilipili manga kidogo

Namna ya kutayarisha

Tende ziloweshwe katika maji ya moto kidogo kwa dakika kumi na tano ili zilainike. Nyanya, pilipili hoho, kitunguu maji kikiwa na ganda lake na vitunguu saumu viwekwe kwenye wavu juu ya makaa yaliyokwisha kushika moto na kuacha kutoa miale. Vigeuzwe kwa koleo hadi maganda yababuke pande zote na nyama ya ndani ilainike. Kitunguu saumu huwahi kuiva, hivyo kitolewe mapema.

Mboga zilizochomwa zitiwe ndani ya bakuli na kufunikwa kwa dakika kumi. Mvuke hulegeza maganda, na harufu ya moshi huendelea kuingia katika nyama ya mboga. Kisha maganda yote yaliyoungua yaondolewe, pamoja na mbegu za pilipili hoho. Maji yaliyochuruzika ndani ya bakuli yasimwagwe, kwa kuwa yamebeba ladha nyingi. Yachujwe tu iwapo yana masizi.

Bizari ikaangwe kavu kwa muda mfupi hadi inukie, kisha isagwe. Vitu vyote, isipokuwa mafuta, visagwe kwa blenda au kutwangwa kinuni hadi vilainike. Mafuta yaongezwe mwishoni, kidogo kidogo huku mchanganyiko ukikorogwa, ili yashikane na rojo. Sosi ikiwa nzito mno, iongezwe maji safi ya kunywa. Ionjwe kabla ya kufikiria chumvi zaidi. Mara nyingi kinachopungua ni uchachu, na matone ya ndimu hutosha.

Kipimo hiki hutoa takriban kikombe kimoja na nusu. Vijiko vinne vya chakula vya sosi hii vina takriban robo gramu ya chumvi, sukari ya aina zote isiyozidi gramu 5 hivi, na chini ya kilokalori 100. Inafaa kwa kabichi, matango, karoti, majani ya saladi na maharage yaliyochemshwa.

Tahadhari

*Moshi.* Kitu kilichoungua hadi kuwa cheusi kinaweza kuwa na benzopireni na kemikali za jamii yake. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka benzopireni katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ndiyo sababu maganda meusi huondolewa, na mafuta hayadondoshewi juu ya makaa. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua. Ni vyema kutumia makaa yaliyobaki baada ya kupika chakula cha jioni, nje au mahali penye hewa ya kutosha. Mwenye pumu au ugonjwa sugu wa mapafu amwachie mwingine kazi ya kuchoma.

*Kisukari.* Asali, tende na sukari nyeupe zote hupandisha sukari ya damu. Tofauti iko katika kiasi. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asifanye saladi kuwa mlo pekee bila ushauri, kwa kuwa mlo usio na wanga wa kutosha unaweza kuishusha sukari yake kupita kiasi.

*Figo.* Nyanya, tende na ukwaju vina potasiamu. Mgonjwa wa figo aliyeelekezwa kupunguza madini hayo aulize kwanza. Chumvi mbadala zenye potasiamu zinaweza kuwa hatari kwake, na hata kwa wanaotumia losartani, enalaprili au spironolaktoni.

*Warfarini.* Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupingana na dawa hii. Mgonjwa halazimiki kuziacha. Anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na kumweleza mtoa huduma kabla ya kubadilisha sana mlo wake.

*Usafi na uhifadhi.* Mboga zioshwe kwa maji safi na salama. Sosi ihifadhiwe katika jokofu kwa muda usiozidi siku nne. Kitunguu saumu ndani ya mafuta kikiachwa katika joto la kawaida kinaweza kuruhusu bakteria wa botulizimu kutoa sumu. Hivyo, pasipo jokofu, itengenezwe nusu ya kipimo na kuliwa siku hiyo hiyo. Mayonezi ya nyumbani yenye mayai mabichi yaepukwe na wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu kwa sababu ya salmonela. Anayetia asali badala ya tende asimpe sosi hiyo mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Neno kwa watoa huduma

Ushauri wa lishe mara nyingi hutolewa kwa lugha ya kukataza: acha chumvi, acha sukari, acha mafuta. Mgonjwa huondoka kliniki akijua alichonyang'anywa pasipo kujua alichopewa. Anaporudi baada ya mwezi akiwa hajafuata ushauri, huhesabiwa kuwa mkaidi, ilhali yawezekana alivumilia chakula kisicho na ladha hadi uvumilivu ulipomwishia.

Maswali mawili huweza kubadili mazungumzo hayo: "Mboga zako unazila na nini?" na "Ni nani anayepika nyumbani?" La kwanza hufichua chumvi isiyohesabiwa, na la pili huonyesha ni nani mwingine anayestahili kuusikia ushauri. Baada ya hapo, dakika tatu za kueleza namna ya kuchoma nyanya na kitunguu zinaweza kumsaidia mgonjwa kuliko onyo jingine. Dawa alizoandikiwa azidi kuzimeza. Sosi haichukui nafasi yake. Lakini dawa hizo hufanya kazi vizuri zaidi chumvi inapopungua, na chumvi hupungua kwa kudumu pale tu mlaji anapokifurahia kilichobaki sahanini.