Shahada ya Kazi ya Jamii: Binti Akipangiwa Kusoma Kisii

Kila mwaka majibu ya vyuo yanapotoka, katika nyumba nyingi za pwani huzuka mazungumzo yaleyale. Binti amepata C+ au zaidi, ameomba shahada ya kazi ya jamii, na KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, imempa nafasi bara. Baba hunyamaza, mama huuliza ni mwendo wa saa ngapi, na shangazi mmoja hakosi kusema: "Miaka minne yote hiyo, aje kugawa unga?"

Tumeona tulizungumze jambo hili kwa kuitazama nchi ya Wagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira. Mjini Kisii pana chuo kikuu cha umma, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi na kupata hati yake mwaka 2013, na watoto wetu hupangiwa huko. Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine. Mambo yanayomngoja mfanyakazi wa jamii katika vilima vile yanafanana na yetu kuliko tunavyodhani, na mara nyingine mtu huiona vyema nyumba yake akiitazama kutoka kwa jirani.

Tuanze na unga wa shangazi. Kutoa ni ibada, na hakuna anayehitaji shahada ili atoe. Ila kila aliyewahi kugawa zaka kwa uangalifu anajua kwamba kazi si kutoa mkono. Kazi ni kujua nani anastahiki, kwa nini amefikia hapo, na kipi kitamwinua asirudi tena mlangoni. Elimu ya kazi ya jamii ilizaliwa na swali hilo. Mwaka 1898 mjini New York, watu waliokuwa wakizuru nyumba za maskini walianza kufundishwa darasani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ilionekana huruma peke yake inakosea sana. Leo mwanafunzi wa shahada hii husoma sosholojia, saikolojia, sheria, sera za serikali, utafiti na ushauri nasaha, kisha hupelekwa nyanjani chini ya msimamizi. Hufunzwa kufanya kazi na mtu mmoja, na kikundi, na kijiji kizima. Hufunzwa pia kutunza siri, jambo ambalo katika mitaa yetu lina thamani kuliko fedha.

Mfano mzuri kabisa wa kwa nini huruma haitoshi umetoka Gusii kwenyewe. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert LeVine, alichunguza malezi ya Wagusii katika miaka ya 1950, akarudi na wenzake katika miaka ya 1970. Katika kitabu chao cha mwaka 1994, Child Care and Culture, wanawalinganisha mama wa Kigusii na mama wa Boston. Mama wa Kigusii alimweka mtoto mchanga karibu na mwili wake mchana, akalala naye usiku, na alipolia alimnyonyesha au kumtuliza upesi. Lakini hakumwongelesha sana, wala hakumkazia macho na kucheka naye. Mama wa Boston alizungumza na kichanga kana kwamba atajibiwa.

Mgeni aliyesoma vitabu vya ng'ambo tu angeingia katika nyumba ile, amwone mama asiyemtazama mtoto machoni, na aandike: mama huyu hana mapenzi. Angekuwa amemdhulumu. Kwa mama yule, mwaka wa kwanza ni wa kumlinda mtoto asife na kumweka katika utulivu; maneno atayapata kwa ndugu zake. Mwaka 1986 watafiti wengine wawili, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wa Kigusii, wakaonyesha kwamba wengi walikuwa na fungamano imara na mama zao, tena na yule mtoto mkubwa aliyewabeba, ambaye kwa Ekegusii huitwa omoreri. Bibi zetu wa pwani, ambao hawakupenda kichanga kisifiwe mbele za watu kwa kuogopa kijicho, wangeyaelewa haya bila kupita chuo kikuu. Ila anayeshika kalamu, ambaye ripoti yake yaweza kumwondoa mtoto nyumbani kwao, sharti ayasome.

Upole huu wa kuhukumu hauna maana kwamba kila mila hupitishwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta kwamba wanawake 96 katika kila 100 wa Kigusii, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Mwaka 2014 idadi ilikuwa 84, wakati kwa Kenya nzima ilikuwa 21. Wagusii kwa wingi wao ni Wakristo, Waadventista na Wakatoliki. Kwa hiyo wanaosema kuwa ukeketaji umeletwa na Uislamu, na wale miongoni mwetu wanaoutetea kwa jina la Uislamu, wote wawili wautazame ukweli huo.

Huko Gusii mila hii imevaa koti jeupe. Familia nyingi ziliacha wembe wa mkunga zikampelekea binti mhudumu wa afya, afanye kwa dawa ya ganzi na nyuzi, zikaamini kwamba madhara yameondoka. Sheria ya mwaka 2011 haimsamehi mhudumu huyo: adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote pamoja, na anayejua asiripoti naye ana kosa. Basi mwanafunzi aliyepelekwa kijijini mwezi wa Novemba, shule zinapofungwa na msimu unapokaribia, afanye nini? Akiingia na sheria mkononi, milango itafungwa na binti atakatwa usiku. Akinyamaza ili apendwe, amemsaliti binti. Anachofunzwa ni kujua nani hasa anaamua katika nyumba ile, kwa kawaida si mama peke yake bali na nyanya; kuketi na nyanya huyo zaidi ya mara moja; na kumjua afisa wa watoto na chifu kabla ya siku ya hatari. Tangu 1996, huko Tharaka, yalianzishwa mafunzo ya kuwavusha wasichana utoto wao kwa mawaidha na sherehe bila kukatwa, na baadaye yakafika Gusii. Si dawa ya kila mahali, lakini yalimpa nyanya kitu cha kushika badala ya kumnyang'anya tu.

Jambo la pili ni zito zaidi, na hapa pwani hatuna haki ya kulisikiliza kama habari za mbali. Mwezi Mei mwaka 2008, katika nchi ya Gusii, wazee 11, wanawake wanane na wanaume watatu, walichomwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa vivyo hivyo huko Marani, kaunti ya Kisii. Sasa tuangalie Kilifi: ni wazee wangapi wa kwetu wameuawa kwa tuhuma hiyohiyo, na mara ngapi nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba? Kule Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kikiwapokea wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Mvi zimegeuzwa ushahidi.

Polisi huja baada ya moto. Mwenye taaluma hii hufunzwa kuusikia moshi: bibi aliyeacha kusalimiwa kisimani, ugonjwa wa mtoto uliokosa maelezo, ndugu wanaogombea mpaka wa shamba. Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba kwa hesabu ya mwaka 2019, na pale ardhi inapobana hivyo, neno "mchawi" hupata wanunuzi. Kazi yake ni kumweka bibi mahali salama kwanza, kisha kuwakalisha ndugu pamoja na wazee wa mji, na kuhakikisha kwamba akiwa na umri wa miaka 70 au zaidi ameandikishwa katika Inua Jamii ili apate zile shilingi 2,000 za kila mwezi. Fedha ni kidogo, lakini bibi anayeleta kitu nyumbani huonekana mtu tena.

Je, binti wa pwani ataishi vipi huko? Mji wa Kisii una msikiti, na Waislamu wapo, wakiwemo Wanubi ambao wamekaa hapo kwa vizazi. Chakula si shida mahali ambapo ndizi na mboga huota hadi ukingo wa barabara. Lugha ndiyo itakayomsumbua kijijini, ingawa Kiswahili hueleweka. Akijua kusema "bwakire" asubuhi, wamama watamcheka kwa furaha na kumkaribisha. Kuhusu kuzuru nyumba za watu, wazazi wana haki ya kuuliza, na sisi tungeuliza: nani msimamizi wake nyanjani, na je, huenda na mwenzake? Kuzuru wawili wawili ni busara ya kazi yenyewe, wala si takwa la Waislamu tu.

Mzazi alitazame vizuri jina la shahada katika mtandao wa KUCCPS, kwa kuwa kazi ya jamii, sosholojia na maendeleo ya jamii hukaribiana lakini si kitu kimoja, na baadhi ya waajiri hulitazama jina. Mkopo wa HELB huombwa mapema, na hulipwa baadaye. Nafasi za serikali hazitoshi wahitimu wote, tusidanganyane. Hata hivyo hospitali, mahakama za watoto, kambi za Dadaab na Kakuma, na mashirika ya misaada huwahitaji watu hawa. Nasi pwani tunamhitaji binti anayeweza kuingia ndani kabisa, mahali ambapo afisa mwanamume huishia barazani.

Yule atakayesafiri mwaka huu afungiwe sweta nzito na mwavuli. Kisii iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mvua yake haingoji masika.