Mikono Minne Ukutani: Jengo la Bima ya Moto la Philadelphia

Katika matini za kutafsiri zinazohusu miji ya zamani ya Marekani hujitokeza hadithi moja tamu. Husemwa kwamba wazimamoto wakifika kwenye nyumba inayoungua walitazama kwanza ukutani. Wasipoona alama ya kampuni yao ya bima, walirudi zao na kuiacha iteketee. Kwa mji wa Philadelphia hadithi hiyo haisimami, na sababu mojawapo ya kuenea kwake ni ya kilugha. Ndiyo maana tumeona tuizungumzie hapa.

Tuanze na jengo. Katika mtaa wa South Fourth, nambari 212, kuna jengo la matofali lenye baraza ya nguzo za marumaru, lililojengwa mwaka 1835 hadi 1836. Mchoraji wake ni Thomas U. Walter, ambaye baadaye alisanifu kuba kubwa la Bunge la Marekani mjini Washington. Lilijengwa liwe ofisi ya Philadelphia Contributionship, chama cha bima ya moto kilichoanzishwa mwaka 1752 na Benjamin Franklin pamoja na wenzake.

Jina hilo linatokana na kuchanga. Mwenye nyumba aliweka amana kwa miaka saba, nayo ikazaa riba. Aliyeunguliwa alilipwa kutoka katika mfuko huo. Aliyesalimika alirudishiwa amana yake muda ulipokwisha. Wenye nyumba ndio waliokuwa wenye chama, kwa hiyo sisi tungekiita "ushirika wa kuchanga". Neno bima, lililotufikia kutoka Uajemi na India, ni sahihi, lakini peke yake halionyeshi jambo hilo.

Alama ya ushirika huo ilikuwa mikono minne ya risasi juu ya ubao, kila mmoja umeshika kifundo cha mwenzake. Ilionyesha kwamba nyumba ina bima, na ilikitangaza chama. Haikuwa amri kwa wazimamoto, kwa kuwa wazimamoto hawakuajiriwa na chama. Walikuwa raia wa kujitolea. Kikundi kimojawapo, Union Fire Company, Franklin alikianzisha mwaka 1736, miaka 16 kabla ya bima. Kila mwanachama alikuwa na ndoo zake za ngozi, na mifuko ya kuokolea mali. Tena, mitaa ilikuwa imebanana: moto ulioachwa kwenye nyumba isiyo na bima ungeifikia ya jirani mwenye bima, na hasara ingekuwa ya chama chenyewe.

Hapo ndipo neno "company" linapotutega. Katika Kiingereza cha wakati ule lilitaja kikundi cha majirani wenye ndoo na vilevile kampuni ya biashara. Mwanafunzi akiandika "kampuni" pote pawili, vyombo viwili tofauti vinakuwa kimoja. London, kwa kweli, kampuni za bima ziliajiri vikosi vyao baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, na nyingi zikaviunganisha mwaka 1833. Kwa Philadelphia, tuandike "kikundi cha zimamoto" na "chama cha bima". (Neno wazimamoto nalo lina kisa chake Kampala na Nairobi, ambako enzi za ukoloni lilivumishwa kuwa la wanyonya damu, hilo linastahili makala yake.)

Wanachama hawakukubaliana daima. Mwaka 1781 chama kilikataa nyumba zenye miti mbele, kwa vile miti iliwazuia wazimamoto. Waliopenda vivuli vyao wakaanzisha chama kingine mwaka 1784, na alama yao ikawa mti wa kijani.

Vikundi vya kujitolea vilidumu hadi mwaka 1871, mji ulipoanzisha idara ya zimamoto ya watu wa mshahara. Alama zimebaki: kwenye kuta za nyumba kongwe mikono na mti bado vinaonekana.