Tone ao sindano? Namna jicho linapasuliwa bila maumivu

Mimi ni mtu wa udongo na mihogo, si munganga. Lakini hapa Butembo na kule Beni utakuta familia nyingi zenye shida hii: koko ana katarakti (ile wenzetu wa Tanzania wanaita mtoto wa jicho), mlango wa nyumba yake hauoni tena, na bado anakataa kupasuliwa. Juu gani? "Watanichoma sindano ndani ya jicho." Anaogopa maumivu kuliko giza.

Sasa, kuna kitu wengi hawajui. Lenzi, yaani ile sehemu inayoingia ukungu, haina mshipa wa fahamu hata mmoja. Kinachouma ni njia ya kuifikia: irisi, ngozi nyeupe ya nje, na zaidi sana konea, kile kioo cha mbele. Konea ina mishipa ya fahamu mingi ajabu. Kumbuka vile punje moja ya vumbi ya barabara ya Beni inakulizaka. Kwa hiyo kazi ni kulaza mishipa hiyo, si kumulaza mtu muzima.

Na hapa mmea njo ulisaidia, agronomu siwezi kupita kimya. Mwaka 1884, kule Vienna, munganga kijana Carl Koller alijaribu kokaini, inayotoka katika majani ya koka ya Amerika ya Kusini, akaona tone lake linafanya jicho lisisikie kitu. Leo kwa kazi hii wanatumia dawa kama tetrakaini na lidokaini. Zinaziba vijia vya sodiamu katika mshipa, basi habari ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Tone linashika ndani ya dakika moja hivi, lakini haliendi mbali: kama robo saa, kisha wanaongeza.

Sasa juu gani munganga mmoja anatumia matone, mwingine sindano? Matone hayazuii jicho kutembea, wala kuona mwanga. Yanatosha kama tundu ni la milimita 2 ao 3, mashine inavunja lenzi ndani, na mugonjwa anaweza kutulia. Mashine hiyo ni bei kali. Mahali pengi Afrika wanapasua kwa mkono, tundu la milimita 6 ao zaidi, na katarakti yenyewe imekawia, imekuwa ngumu. Hapo sindano inafaa. Mwambie koko vizuri: inapita kando ya jicho, haiingii ndani yake. Hatari zipo, kama damu kuvuja nyuma ya jicho, ila ni mara chache.

Kwetu kuna na kesi ya waliopona Ebola ya 2018 mpaka 2020. Wengine walibaki na uvimbe ndani ya jicho, na uvimbe huo unaweza kuleta katarakti hata kwa kijana. Irisi inashikamana na lenzi, na kuigusa kunauma. Tone peke yake mara nyingi halitoshi. Tena virusi vinaweza kujificha ndani ya jicho wakati damu imekwisha kuwa safi, njo maana maji ya jicho yanapimwa kwanza.

Jambo moja bado, juu ninajua vile tunanunuaka dawa. Matone ya kulaza jicho si ya kutumia nyumbani. Ukiyatia kila siku, konea inapata kidonda kisichopona, na unaweza kupofuka. Kiisha upasuaji, kusikia kama mchanga kidogo ni kawaida. Maumivu makali, na kuona kunapungua, mrudishe koko kwa munganga siku ileile, hata kama ni usiku.