Injini Iliyozimwa Ukingoni mwa Lualaba

Injini ya kufunga nyuma ya mtumbwi huhudumiwa ikiwa imezimwa, lakini injini iliyozimwa bado inaweza kuwaka. Kabureta ikiwa na esansi, buji zikiwa mahali pake na gia ikiwa imeingia, kuizungusha rafadha kwa mkono huuzungusha na moyo wa injini. Mzunguko mmoja ukitosha kutoa cheche, rafadha hiyo, ambayo mafundi wa Kongo huiita elisi, humkata anayeisafisha.

Katika Kasongo, jimboni Maniema, ambako Mto Lualaba hubeba watu na mizigo, na hata kwenye Luama, mto unaopita Kabambare kabla ya kuingia Lualaba, karakana ya injini hizi mara nyingi ni mchanga wa ukingoni. Vipuri hutoka mbali, Kindu au Bukavu, na ubaya wa barabara ya masika hujulikana. Kwa hiyo fundi huitengeneza injini kwa alichonacho, jioni, abiria wakisubiri. Haraka hiyo ndiyo humfanya aruke hatua ya kwanza, ambayo haigharimu chochote: kuweka gia huru, kuchomoa kamba ya usalama ya kuzimia injini, kisha kutoa nyaya za buji na buji zenyewe. Injini yenye betri hufunguliwa kwanza waya wa hasi, na waya huo hurudishwa wa mwisho. Sababu ni rahisi. Waya wa hasi ukiwa bado umefungwa, spana inayogusa kichwa cha chanya na chuma cha injini kwa pamoja hutoa cheche kubwa.

Cheche hiyo huwa hatari zaidi penye mvuke wa esansi, na mvuke huo ndio adui mkubwa wa kazi hii. Esansi hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Maniema. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi ukapotea, hushuka na kujilaza chini ya mtumbwi, kati ya mbao, hata kama pua haisikii harufu. Ndiyo maana tangi la kuhamishika hushushwa nchi kavu kabla ya kujazwa, na koroboi, sigara na jiko la makaa huwekwa mbali. Kurunzi hutosha. Mnamo Aprili 2025 boti ya mbao iliwaka moto karibu na Mbandaka, kwenye Mto Kongo, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Taarifa zilisema moto ulianzia kwenye jiko la abiria aliyekuwa akipika.

Kupima buji kuna mtego wake. Fundi huitoa buji, huilaza juu ya chuma cha injini na kuvuta kamba ya kuwashia aone kama inapiga cheche. Lakini tundu lililobaki wazi hupumua mchanganyiko wa hewa na esansi kila kamba inapovutwa, na cheche yenyewe ina maelfu mengi ya volti. Buji hupimwa mbali na tundu, baada ya kufunga mpira wa mafuta na kupangusa yaliyomwagika.

Katika miji mingi ya Kongo muuzaji wa esansi wa kando ya barabara huitwa Kadhafi, jina la utani lililotoka kwa kiongozi wa Libya, nchi ya mafuta. Kwake na kwa fundi kuna desturi moja: kufyonza esansi kwa mdomo kupitia mpira ili kuihamisha kutoka bidoni moja hadi nyingine. Tone likiingia kwenye mapafu badala ya tumbo, huyachoma, na kikohozi na kushindwa kupumua vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Aliyemeza hatapishwi, wala hanyweshwi mawese ili atapike, kwa sababu anapotapika esansi hupita tena karibu na njia ya hewa. Hupelekwa hospitali. Pampu ndogo ya mkono, au bidoni iliyoinuliwa na faneli, huondoa hatari yote hiyo.

Balenieri, yaani boti kubwa za mbao, hutumia mara nyingi injini za mazutu zilizofungwa tumboni mwa boti. Mazutu hayashiki moto upesi kama esansi, lakini yana mambo mawili ya kuogopwa. Kwanza, moshi wa injini inayopimwa mahali pasipo hewa una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi; fundi huona usingizi, huumwa kichwa, kisha huzimia kabla hajatambua. Pili, bomba la nozeli likivuja hutoa mafuta kwa shinikizo linaloweza kupenya ngozi. Mvujo hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kidole. Kidonda chake ni kidogo kama cha sindano, lakini bila upasuaji wa haraka kidole chaweza kupotea.

Oili iliyotumika hurudishwa bidonini, haimwagwi mtoni. Kijiji kilicho chini ya mkondo huchota maji ya mto huo huo.

Jaribio la mwisho hufanywa rafadha ikiwa imetolewa, mguu wa injini ukiwa ndani ya pipa la maji, kwa sababu injini ikikimbia kavu huharibu pampu yake ya maji mara moja. Kifuniko kikiwa bado wazi, kitenge, mikono mirefu na kamba za shingoni hubaki mbali na gurudumu la juu linalozunguka. Anayeirudisha rafadha baada ya jaribio hufanya hivyo nchi kavu, kwani mamba wa Lualaba hawatoi taarifa, na nyaya za buji huchomolewa tena kwanza. Wakati wa jaribio, maji membamba yakitoka nyuma ya injini mfululizo, kupoza kunafanya kazi; yakikoma, huenda kuna mchanga kwenye njia, na injini huzimwa.