Mianzi Katikati ya Maghorofa

Hong Kong ni jiji ambalo kila kipande cha ardhi kinagombewa. Hata hivyo, mwaka 2015, eneo la Kowloon Bay lilipata ukumbi wa umma wa mianzi, wenye kimo cha ghorofa nne na nafasi ya watu 200.

Mafundi waliipinda mianzi 475 palepale, wakaifunga kwa waya, kwa mikono, kwa ufundi uliotokana na majukwaa ya ujenzi ya Wakantoni. Juu wakatandaza kitambaa cheupe. Kazi ya kupendeza kweli!

Mianzi hukomaa kwa miaka 3 hadi 5 tu. Lakini isipotiwa dawa huliwa na wadudu, na ikigusa udongo wenye unyevu huoza. Wasanifu wayazingatie hayo mawili kabla ya kuchora chochote.