Kanuni mpya zinapoikuta kazi ya umeme ikiwa nusu

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hujengwa kwa awamu. Msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati fedha zikipatikana. Umeme nao huingia hivyo hivyo: mabomba ya waya hulazwa ukutani kabla ya lipu, nyaya huvutwa miezi kadhaa baadaye, na swichi na soketi husubiri mwenye nyumba apumue. Kazi ikichukua muda wote huo, kanuni zinaweza kubadilika katikati. Je, fundi afuate kanuni za siku aliyoanza au za siku anayomaliza?

Swali hilo lilijibiwa kwa kina nchini Uingereza kati ya mwaka 2004 na 2006. Majibu yake yanamhusu pia muuza vifaa wa Kariakoo, Nairobi au Kampala, kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi huko utaratibu wao wa umeme wa majumbani, kuanzia plagi ya pini tatu bapa hadi rangi za nyaya.

Lililoanza lilikuwa la rangi. Kwa miaka mingi waya wa moto wa nyumba ya Kiingereza ulikuwa mwekundu na nyutro ilikuwa nyeusi. Kwenye umeme wa fezi tatu, fezi zilikuwa nyekundu, njano na buluu. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 31 Machi 2004 yalileta rangi zinazotumika Ulaya: kahawia kwa waya wa moto na buluu kwa nyutro, na kwa fezi tatu ni kahawia, nyeusi na kijivu. Waya wa ardhi ulibaki kijani na njano.

Hatari iko hapo. Katika rangi za zamani, nyeusi ni nyutro na buluu ni fezi. Katika rangi mpya, buluu ndiyo nyutro na nyeusi ni fezi. Fundi anayefungua kisanduku cha fezi tatu na kukuta nyeusi na buluu, bila kujua vimefungwa kwa utaratibu upi, anaweza kushika waya wa moto akidhani ni nyutro. Kipimo ndicho kitamwambia ukweli, si macho.

Wenye kazi zilizokuwa zikiendelea hawakuamriwa kung'oa kitu. Kazi iliyoanza kuanzia 31 Machi 2004 iliruhusiwa kutumia rangi za zamani au mpya, lakini si zote mbili. Kwa kazi iliyoanza baada ya 31 Machi 2006, rangi mpya zilikuwa lazima. Mwenye stoo iliyojaa waya mwekundu na mweusi alipewa miaka miwili ya kuumaliza. Aliyeongeza chumba kwenye nyumba ya zamani alitakiwa kubandika tangazo kwenye kisanduku cha swichi kuu, kuonya kwamba nyumba hiyo ina rangi za aina mbili.

La pili liliwasumbua watu zaidi. Tarehe 1 Januari 2005, Kanuni za Majengo za England na Wales ziliongezewa Sehemu ya P, inayohusu usalama wa umeme majumbani. Tangu siku hiyo, kazi kubwa kama kuongeza sakiti mpya ilipaswa kufanywa na fundi aliyesajiliwa kwenye mpango unaomruhusu kuthibitisha kazi yake mwenyewe. Asipokuwepo, halmashauri ya eneo ilipaswa kuarifiwa kabla ya kazi kuanza. Kubadilisha soketi iliyoharibika hakukuhitaji taarifa.

Hapa kipimo hakikuwa siku ya kuanza peke yake. Kazi iliyoanza kabla ya 1 Januari 2005 ilisamehewa iwapo tu ingekamilika kabla ya 1 Aprili 2005. Jiko lililoanza kufungwa nyaya Desemba na kumalizika Februari lilikuwa nje ya kanuni mpya. Jiko lile lile, fundi akichelewa hadi Mei, lilikuwa ndani. Miezi mitatu ni muda mfupi mno kwa mtu anayejenga mwenyewe siku za Jumamosi, na wengi wa waliobanwa walikuwa wa aina hiyo.

Aliyepitwa na tarehe hakuona tatizo siku hiyo. Huliona siku ya kuuza nyumba. Wakili wa mnunuzi huuliza kama kuna kazi ya umeme iliyofanyika tangu 1 Januari 2005, na kama ipo, cheti kiko wapi. Rangi ya waya haimwokoi muuzaji, kwani waya mwekundu na mweusi uliweza kutumika kihalali hata mwaka 2005. Anachohitaji ni risiti, mkataba wa fundi na picha zenye tarehe. Akikosa, anaweza kuiomba halmashauri ikague kazi iliyokwisha kufanyika, kwa malipo, na wakati mwingine kwa kubomoa lipu ili nyaya zionekane.

Waswahili wenye nyumba huko wakumbuke pia kwamba England ilipunguza orodha ya kazi za kuarifu mwezi Aprili 2013, na kazi ndogo za jikoni zikaondolewa. Wales haikufuata. Leicester na Cardiff kwa hiyo hazina sharti moja.

Kuna na kipimo cha tatu. Toleo la 18 la kanuni za nyaya za Uingereza lilihusu kazi zilizosanifiwa kuanzia 1 Januari 2019. Hapo kinachotazamwa ni siku ya mchoro, si siku nyundo ilipogonga ukuta.

Kwa mjenzi wa huku, tatizo kubwa huanzia dukani. Anayenunua rola mbili leo na nyingine tatu mwaka ujao anaweza kurudi nyumbani na rangi tofauti bila kuliona hilo kuwa jambo. Ni afadhali kununua nyaya zote kwa mkupuo. Asipoweza, fundi aandike alama za L na N kwenye kila maungio ya rangi mbili na kuacha karatasi ndani ya kisanduku.

La muhimu zaidi ni nani atasaini. TANESCO haiungi umeme bila fomu ya mkandarasi mwenye leseni, na Kenya nako hutakiwa cheti cha fundi mwenye leseni. Mwenye nyumba huwa anamtafuta mtu huyo mwishoni, wakati nyaya zilizovutwa na mwingine zimeshafunikwa na lipu na rangi. Aitwe mapema, aone kuta zikiwa wazi. Gharama ya safari yake moja ni ndogo kuliko ya kuchimbua ukuta uliokwisha kupakwa rangi.