Kazi ya Kupambana na Umaskini Katika Teritware ya Yahuma

Sera za jamii ni mipango ya dola inayomwezesha raia kusoma, kutibiwa na kuuendea uzee bila kuogopa njaa. Nchini Kongo, anayefanya kazi ya kuzitekeleza sera hizo maisha yake yote hupimwa zaidi mbali na Kinshasa, mahali kama Yahuma, moja ya teritware 7 za jimbo la Tshopo. Yahuma iko magharibi ya Kisangani, kusini mwa mto Kongo, katikati ya msitu mkubwa. Wakazi hulima muhogo na mpunga, huvua samaki na kukamua mawese. Mazao husafiri kwa mtumbwi, kwa baiskeli au kichwani, na mvua ikizidi njia hufungwa kabisa.

Wengi wanaoingia katika kazi hii jimboni husomea Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kisha huajiriwa na serikali, makanisa, mashirika ya Umoja wa Mataifa au Mfuko wa Jamii wa taifa, ulioundwa mwaka 2002. Wakifika kazini hukuta sheria nzuri zilizotangulia uwezo wa hazina ya serikali. Katiba ya 2006 iliahidi elimu ya msingi bila malipo, lakini ahadi hiyo ilianza kutekelezwa kwa upana Septemba 2019. Katiba hiyohiyo inayapa majimbo haki ya 40% ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Kuifuatilia fedha hiyo mpaka imfikie mwalimu wa kijijini ni kazi ngumu, na ndiyo kiini cha taaluma yenyewe.

Hifadhi ya jamii ya Kongo ilijengwa juu ya mshahara. Taasisi yake ya taifa iliundwa mwaka 1961, na baada ya sheria ya Julai 2016 ikageuzwa kuwa Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Mkulima wa Yahuma hana mwajiri wa kumkatia michango, kwa hiyo pensheni humpita. Ndiyo maana mtaalamu makini huanza na mali iliyopo, nayo ni msitu.

Sheria ya Misitu ya Agosti 2002 inaitaka kampuni inayokata miti ikubaliane na wenyeji kuhusu shule, zahanati, barabara au madaraja itakayoyajenga. Agizo la serikali la Juni 2010 liliweka utaratibu wake: kampuni ilipe dola 2 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, kulingana na aina ya mti, na fedha ziingie katika mfuko wa maendeleo wa eneo. Kamati moja ya wenyeji husimamia matumizi, nyingine huyafuatilia. Hapo mtaalamu huhitajika sana, kwa sababu shefu na wazee hukaa meza moja na wanasheria wa kampuni. Lazima wajue mapema ni miti mingapi itakatwa, nani ataihesabu, na zahanati ikishajengwa nani atamlipa muuguzi. Swali hili la mwisho husahaulika mara nyingi, na jengo lisilo na dawa halimtibu mtu.

Makubaliano ya namna hii si mapya. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji, iliyoitawala Kongo wakati huo, ilimpa mfanyabiashara Mwingereza William Lever ardhi kubwa za michikichi kwa sharti kwamba ajenge shule na hospitali. Moja ya vituo vyake, Elisabetha, sasa ni Lokutu, jirani na Yahuma. Lakini mkataba ule ulikuwa kati ya dola na kampuni, na mwenye ardhi hakushirikishwa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na migogoro ya ardhi inayoendelea kuzunguka mashamba hayo ina mizizi humo.

Agizo la Agosti 2014 lilifungua njia nyingine: jamii inaweza kuomba msitu wake wenyewe, hadi hekta 50,000, na kupewa haki ya kuutumia daima bila kulipia ardhi. Kwa mtaalamu, hapo kazi huwa ni kuchora ramani pamoja na vijiji, kupatanisha mipaka, na kuhakikisha wanawake na wageni waliohamia hawaachwi nje ya maamuzi. Ni kazi ya miaka, na mikutano yake hufanywa kwa Kilingala na lugha za wenyeji, kwa kuwa Kiswahili cha Kisangani hupungua nguvu kadiri mtu anavyoshuka mto.